Barua kwa Mwanangu Anayesomea Uchoraji wa Mitindo

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kutoka kwa baba yako na nduguzo, sote hapa Mombasa hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, kwa kuwa swali lako linagusa kazi yako na yangu pia. Unasema kwamba mwalimu wenu aliitazama michoro yako ya mradi wa kanga, akasifu rangi na mikao ya wanamitindo wako, kisha akatamka mbele ya darasa kwamba gauni la tatu halishoneki. Nawe unaniuliza iwapo mchoraji wa mitindo analazimika kuchora vazi linaloshoneka, ilhali kazi yake ni kumfanya mtu alitamani vazi, na kushona ni kazi ya fundi.

Jibu langu, nikiwa mama yako na fundi cherehani, ni kwamba mchoraji ana ruhusa ya kusema uongo kuhusu mwili, lakini hana ruhusa ya kusema uongo kuhusu kitambaa.

Kuhusu mwili sitakuchosha, maana mmeshafundishwa. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa takriban vichwa saba na nusu vyake mwenyewe, nanyi mnamchora kwa vichwa tisa, pengine kumi, na nyongeza hiyo karibu yote huingia miguuni. Sina ugomvi na desturi hiyo, kwa sababu mguu mrefu humpa mtazamaji nafasi ya kuona jinsi nguo inavyoanguka. Ila ukishaurefusha mwili, vazi nalo sharti lihesabiwe upya: sketi inayoishia chini kidogo ya goti iishie chini kidogo ya goti la yule uliyemchora, na mfuko uendelee kutosha kiganja chake. Katika mchoro wako wa kwanza mfuko hauingizi hata vidole viwili. Huo urekebishe kabla ya yote.

Sasa nije kwenye gauni la tatu. Umechora sketi ya duara inayotandaa, pindo la kanga likizunguka chini yake bila kukatika, na jina, yaani yale maandishi ya kanga, likisomeka lote mbele. Kanga moja ina upana wa takriban sentimita 110 na urefu wa takriban sentimita 150, na doti ni kanga mbili zinazofanana. Sketi ya duara kamili yenye kiuno cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 70 inahitaji kitambaa cha sentimita 162 kila upande, kwa sababu kutoka katikati ya duara hadi kiunoni ni sentimita 11, ukiongeza urefu unapata 81, na duara zima ni mara mbili ya hapo. Kitambaa kutotosha si jambo kubwa, kwani fundi huunga. Kizuizi chenyewe ni pindo. Limechapwa kwa mistari iliyonyooka pande zote nne, ilhali ukingo wa chini wa sketi ya duara umepinda. Ukizungusha mkasi, pindo litabaki katika vipande vinavyotupwa, na chini ya sketi utapata mji mtupu, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga, uliokatwa ovyo. Mwalimu wako alisema kweli, na ninamshukuru kwa kuisema mapema.

Tazama basi kinachowezekana. Usikate duara. Chukua kanga zote mbili zikiwa mistatili, uziunge ubavuni, upate mzunguko wa karibu mita 3, kisha ukusanye marinda kiunoni hadi yafike kipimo cha mvaaji. Pindo la chini litabaki limenyooka na kuzunguka lote, kama ulivyotaka. Pindo la juu unaweza kulikata na kulifanya mkanda wa kiuno. Pale kanga mbili zinapokutana, mapindo ya ubavuni yatasimama pamoja na kufanya mstari mpana kutoka kiunoni hadi chini, kushoto na kulia. Uamue kuyaonyesha au kuyaondoa, lakini usiyasahau. Na kwa kuwa kila kanga ina jina lake, jina litasomeka mbele na litasomeka tena nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka uangalie kwa makini, kwa sababu mchoro wako utabadilika na, kwa maoni yangu, utakuwa bora. Marinda yaliyokusanywa huanguka kwa mikunjo ya wima, na maandishi yanayopita juu ya mikunjo hiyo hayawezi kusomeka yote: herufi nyingine zitazama ndani ya kunjo, nyingine zitakatika nusu, na pindo litapanda na kushuka kidogo kila kunjo linapoingia na kutoka. Ukilichora hivyo, yeyote aliyewahi kuvaa kanga ataitambua nguo kabla hajamtazama aliyeivaa. Katika mchoro ulionitumia, jina limenyooka kana kwamba limeandikwa ukutani, na ndiyo maana gauni linaonekana limebandikwa juu ya mwili.

Vitambaa vingine navyo vina tabia zake, na rangi ya maji huzionyesha vizuri mno ukizifahamu. Satini hung'aa kwa mistari mikali, mwanga ukikaa bega kwa bega na kivuli. Sufu nzito haina mwanga mkali, na kingo zake ni za mviringo. Mahameli hufanya kinyume cha satini: hunywa mwanga katikati na kuurudisha pembeni. Shifoni huzidi kukoza rangi kila tabaka linapolalia lingine. Kanga mpya yenye wanga huvunjika kwa pembe, lakini ikishafuliwa mara kadhaa hulala mwilini. Amua kwanza unachora kanga ya hali gani, ndipo ushike brashi.

Umeniandikia pia kwamba mnaoneshwa kazi za René Gruau, na kwamba yeye aliacha nusu ya vazi bila kulichora, hivyo kwa nini wewe ubanwe. Ni kweli kwamba Gruau, aliyemchorea Christian Dior matangazo tangu mwaka 1947, aliweza kutaja koti zima kwa mistari michache ya wino mweusi. Lakini itazame mistari hiyo: inanenepa pale kitambaa kinapolemea na kukonda pale kinapoinuka. Alichokiacha ni kile ambacho jicho linaweza kujazia lenyewe. Na Antonio Lopez, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia New York, ambaye michoro yake imejaa uhai kuliko mingi niliyoiona, alikuwa mtoto wa mama mshonaji na baba aliyetengeneza sanamu za kuvishia nguo. Nakukumbusha hayo kwa sababu umekulia chini ya meza ya kukatia, na sioni sababu ya kuuacha ujuzi huo mlangoni kila unapoingia darasani. Kwa upande mwingine, Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi aliyeufanya ukataji wa hanamu, yaani kukata kitambaa kimshazari, kuwa fani kamili, hakuanza na karatasi; alifunga kitambaa juu ya mwanasesere mdogo wa mbao na kukifuata kinakokwenda. Jaribu njia hiyo kwa mradi huu: mfunge mwanasesere kitambaa chepesi, mzungushe, umchore mbele, ubavuni na mgongoni, kisha ndipo uingie kwenye mikao na sura.

Kwa mradi wa koti unaofuata, nenda Gikomba ununue koti la mitumba lililochakaa, ulifumue mshono kwa mshono na kuchora kila kipande kinachotoka, pamoja na bitana na kile kitambaa kigumu kinachoisimamisha kola. Kola ya koti haisimami kwa hiari yake, na ukishaona kinachoishikilia hutaichora tena imelegea. Kuhusu kompyuta, itumie pale inapokuondolea kazi ya kurudia, kama kujaribu rangi tano za mchoro uleule. Rasimu za kwanza nakusihi uzifanye kwa mkono.

Tena, tenganisha michoro miwili. Mmoja ni wa kuvutia, wenye mkao, rangi na kivuli, na huo uupe uhuru wake wote. Wa pili ni mchoro bapa wa fundi, usio na mtu ndani, unaoonyesha kila mshono, zipu, kifungo na mgongo wa vazi. Mteja huvutwa na wa kwanza. Mimi hushona kwa wa pili. Kila mteja anapoweka picha mezani kwangu, swali langu la kwanza huwa nyuma kukoje, na mara nyingi picha haina jibu.

Kwa hiyo anza na mgongo wa gauni la tatu. Uamue zipu itakaa wapi ili isilikate jina la nyuma katikati. Ubavuni, kwenye kiungo cha kanga mbili, ndipo ningeiweka mimi. Nitumie mchoro huo kabla hujagusa rangi, nami nitakutumia doti moja kutoka Biashara Street kwa basi, iliyokwisha kufuliwa, uifunge na kuitazama.

Akupendaye,
Mama yako