Barua kwa mwanangu: historia kwanza au fasihi kwanza?

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Unauliza: mwaka wa kwanza wa shahada ya lugha na fasihi ya Kihispania, usome kwanza historia na fasihi uiweke kiporo mpaka lugha ikukae sawasawa, au ubebe vyote kwa pamoja? Vibebe pamoja. Tena nakusihi usivitenganishe hata kwenye daftari.

Chukua Don Quijote, riwaya ya Cervantes. Sehemu ya kwanza ilitoka 1605, ina sura 52. Ya pili 1615, ina sura 74. Sura ya 8 inakatika ghafla, wapiganaji wawili wameinua panga juu. Sura ya 9, msimulizi yuko Toledo, mtaa wa maduka uitwao Alcaná, anamwona kijana akiuza makaratasi makuukuu yenye hati za Kiarabu. Anamtafuta morisco amsomee, yaani Mhispania wa ukoo wa Waislamu waliobatizwa. Kumbe kisa kinaendelea humo humo! Wanapatana ujira wa arroba mbili za zabibu kavu na fanega mbili (kipimo cha nafaka) za ngano. Mfasiri anakaa nyumbani kwa msimulizi, na kwa mwezi mmoja na nusu na ushee kazi imekwisha.

Asiyejua historia atacheka na kupita. Wewe weka miaka pembeni. Granada, dola ya mwisho ya Kiislamu kule Hispania, ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wa Castilla walitakiwa wabatizwe au waondoke. Mwaka 1567 amri ya mfalme iliwakataza Wamorisko wa Granada wasiseme wala kuandika Kiarabu, na mwaka uliofuata wakaasi. Sasa rudi 1605: katika nchi hiyo hiyo, Cervantes anasema kisa chake, kuanzia sura hiyo ya 9, kimetoka kwa mwandishi Mwarabu wa kubuni, Cide Hamete Benengeli, kupitia kinywa cha morisco. Na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wakafukuzwa nchini. Ndiyo maana sura ya 54 ya sehemu ya pili inauma: Ricote, mwenye duka wa kijijini kwa Sancho, mfuasi wa Don Quijote, amerudi akijificha kati ya mahujaji, anakaa chini kula na jirani yake na kusema popote walipo wanailia Hispania. Kosa moja la tarehe, ukidhani sehemu zote mbili zimetangulia kufukuzwa, linakuharibia maana yote.

Na angalia hiyo arroba. Ni neno la Kiarabu lililo na mzizi mmoja na robo yetu: robo ya kintali, kama kilo 11 na nusu. Morisco alipata basi kilo 23 hivi za zabibu. Leo Wahispania wanaita arroba ile alama ya katikati ya anwani ya barua pepe. Kiarabu kilikaa kule karne karibu nane tangu 711, kikaacha maneno utakayoyatambua bila kamusi: hasta ni hata, fulano ni fulani, azúcar ni sukari, na alcalde, ambaye siku hizi ni meya, ni kadhi yule yule. Mesa na bandera nazo utazielewa, kwa kuwa Wareno walituletea za kwao zinazofanana. (Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa 1593, Ureno na Hispania zikiwa chini ya mfalme mmoja, Felipe II.)

Ila udugu huu usikulevye. Maneno yanayodanganya zaidi ni yale uliyokwisha kuyajua darasani. Luego, uliyofundishwa kuwa ni «baadaye», kwa Cervantes mara nyingi ni «papo hapo». Discreto si mtu msiri, ni mtu mwenye akili na busara. Kwa hiyo tumia kamusi ya Covarrubias ya 1611, iliyochapishwa katikati ya sehemu mbili za Quijote, na ile ya Autoridades ya 1726 hadi 1739. Zote zipo bure mtandaoni, kama ilivyo Quijote yenye maelezo katika tovuti ya Instituto Cervantes. Nakala isiyo na maelezo chini ya ukurasa usiinunue, hata ikiwa rahisi.

Upande wa muda: somo la krediti 6 ni saa 150 hadi 180 za kazi, kwa kuwa krediti moja kule ni saa 25 hadi 30, na darasani utakaa sehemu ndogo tu ya hizo. Muhula mmoja una masomo matano kama hilo. Usingoje chuo kifunguliwe. Anza na riwaya ya Lazarillo de Tormes ya 1554, sura saba tu, nyingine fupi mno. Wiki moja inatosha. Kisha Quijote sura tatu kwa siku, siku 42 umemaliza zote 126. Kila sura isome kwanza bila kamusi mpaka mwisho, ndipo urudi nayo. Anayefungua kamusi kila neno huchoka kwenye sura ya 6, na akichoka hukimbilia muhtasari.

Mtihani utakaokusumbua ni comentario de texto: unapewa shairi au ukurasa mmoja, unaueleza. Taja mwandishi, kipindi na kitabu kwa sentensi chache; sema mada kwa sentensi moja; onyesha maandishi yanagawanyika wapi; kisha eleza jinsi umbo linavyojenga maana. Wengi huanguka kwa kurudia maneno ya shairi kwa lugha nyepesi, au kuorodhesha tamathali bila kusema kila moja inafanya kazi gani.

Tazama mshairi Quevedo, katika soneti (shairi la mistari 14) iliyochapishwa 1648, miaka mitatu baada ya kifo chake:

Cerrar podrá mis ojos la postrera
sombra que me llevare el blanco día

Ukitafsiri kuanzia neno la kwanza umepotea. Tafuta kitenzi: podrá, cha umoja. Mis ojos ni wingi, basi macho si kiima. Kiima kimekaa nyuma, tena kimekatwa kati ya mistari miwili: la postrera sombra. Kivuli cha mwisho kitaweza kuyafumba macho yangu. Halafu llevare, bila alama ya mkazo. Ukiisoma llevaré, «nitachukua», sentensi yote inavunjika. Ni subjuntivo (umbo la kitenzi kwa jambo lisilo na hakika) ya wakati ujao, ambayo leo imebaki kwenye sheria na methali: kivuli kitakachoniondolea mchana mweupe.

Mizani nayo itakutega wewe hasa, kwa sababu umezoea ushairi wa kwetu ambapo kila silabi inahesabiwa. Kihispania huunganisha vokali ya mwisho wa neno na ile inayoanza neno linalofuata. Mstari wa pili hapo ukiuhesabu kwa desturi yetu utapata 12. Re na el zikiungana, zinakuwa 11, na 11 ndiyo ya soneti. Neno la mwisho likiwa na mkazo kwenye silabi ya mwisho, ongeza moja. Mkazo ukiwa wa tatu kutoka mwisho, punguza moja. Ukiwa wa pili kutoka mwisho, kama ulivyo mkazo wa Kiswahili, acha. Aina ya shairi iitwayo romance utaipenda: mistari ya silabi 8, kina cha vokali kwenye mistari shufwa tu. Andika miwilimiwili pamoja, na utaona ukwapi na utao.

Masomo ya hiari usiyamalizie Hispania. Chukua Amerika ya kikoloni, umsome mtawa Sor Juana wa Meksiko na mwandishi Inca Garcilaso aliyezaliwa Cuzco 1539. Na uulize kama wanafundisha Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika yenye Kihispania kama lugha rasmi, huru tangu 1968. Wasipofundisha, tafuta mwenyewe Ekomo, riwaya ya María Nsue Angüe, ya 1985, na umwombe mwalimu uandike insha yako juu yake.

Mstari wa nne wa soneti ile ni huu: hora a su afán ansioso lisonjera. Vokali zinaungana mara mbili. Uhesabu, utafute kiima cha podrá nyingine iliyoko mstari wa tatu, y podrá desatar esta alma mía, kisha uniandikie.

Mama yako