Maswali ya Wasomaji: Mikoko ya Pwani na Mito Inayoanzia Dodoma

Katika toleo lililopita tulichapisha taarifa fupi kuhusu Siku ya Kimataifa ya Mikoko, inayoadhimishwa kila tarehe 26 Julai kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2015, na humo tukaandika kwamba wakazi wa kanda ya kati nao wana sehemu katika uhai wa misitu hiyo. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko taarifa yenyewe. Tumechagua nne.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mkulima wa karanga na mtama wilayani Mpwapwa, na bahari naisikia tu kwa wenzangu. Mto wetu Kinyasungwe, mvua zikishakatika, hubaki mchanga mtupu. Hiyo sehemu yetu katika mikoko ya pwani ni ipi hasa?

JIBU: Ndugu mkulima, mto huo unaoujua kwa mchanga wake ni mojawapo ya vyanzo vya Mto Wami. Kinyasungwe hukusanya maji ya sehemu ya mashariki ya mkoa, hupita Gulwe na Godegode karibu na reli ya kati, na ukielekea Kilosa huitwa Mkondoa. Baada ya hapo maji yake huungana na matawi mengine yanayounda Wami, ambao huingia Bahari ya Hindi katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na mdomoni mwake imeota mikoko. Kusini mwa mkoa, maji huteremkia Bwawa la Mtera lililo juu ya Mto Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji, ambayo delta yake inabeba eneo kubwa zaidi la mikoko iliyoungana katika Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000. Haki itendeke kwa jiografia: si kila tone la Dodoma hufika baharini, kwa kuwa Mto Bubu unaotoka Kondoa huishia katika mbuga ya Bahi. Lakini mto wako wewe unafika.

Mikoko huishi kwa maji mawili yanayokutana. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakiingiza chumvi na mbegu na kuondoa taka. Maji ya mto hushuka kutoka bara yakiipunguza chumvi hiyo na kuleta udongo mwororo wenye rutuba. Miti hii imejaliwa kustahimili chumvi, kwani kati ya aina zake, ule uitwao mkoko wenyewe huichuja mizizini na ule uitwao mchu huitoa kupitia majani, ila ustahimilivu huo una kikomo. Maji baridi ya mto yakipungua kwa miaka mingi, miti inayopenda sehemu za juu zenye chumvi kidogo, kama msikundazi, hudhoofika kwanza. Jambo hili si la kufikirika: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa inayotajwa ni matumizi ya maji ya umwagiliaji katika bonde la Usangu.

Udongo nao una hesabu yake. Delta hujengwa kwa tope linaloletwa na mafuriko ya kila mwaka, na tope hilo ndilo huisaidia ardhi ya mikoko kwenda sambamba na kina cha bahari kinachopanda. Kila bwawa linalojengwa mtoni hushika sehemu ya mashapo hayo, na hilo linapaswa kuangaliwa kwa makini sasa ambapo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limekatisha mkondo mkuu wa Rufiji. Kwa upande wa pili, mchanga mwingi unaoporomoka kwa ghafla kutoka mashamba yaliyoachwa wazi huua. Mchu na mlilana hupumua kwa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope, na mizizi hiyo ikifunikwa mti hukosa hewa na kufa ukiwa umesimama. Wilaya yako inaujua ukali wa mmomonyoko kuliko pwani yote, kwani ni mashapo ya bonde hilohilo yanayoisumbua reli kati ya Kilosa na Gulwe karibu kila mvua zinapozidi.

Kwa hiyo sehemu yako, ndugu, iko shambani kwako. Matuta yanayokingama mteremko, miti iliyoachwa kwenye kingo za makorongo na mifugo isiyokanyaga ukingo wa mto kila siku ni kazi ya kuhifadhi mikoko, hata kama anayeifanya hajaiona. Mkoa huu una uzoefu wa kazi hiyo tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza mwaka 1973. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na kutoka ufuko wa bahari, na naona ni jambo zuri kwamba kifungu hichohicho kinamlinda Kinyasungwe na kinailinda mikoko iliyoota mdomoni mwa Wami.

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa klabu ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunataka kuchanga fedha, twende pwani wakati wa likizo tukapande miche 10,000 ya mikoko. Tuanzie wapi?

JIBU: Nia yenu ni njema na ninaiheshimu, na kwa sababu hiyo nitawaambia bila kuzunguka kwamba mche uwe jambo la mwisho katika mpango wenu. Swali la kwanza la kuuliza mkifika mahali pasipo na mikoko ni kwa nini mikoko haipo hapo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa ingali imeshikamana na mti mama, kisha hudondoka ikiwa mche mrefu mwembamba, na maji huisafirisha hadi inaposhika tope. Katika ufuko ulio karibu na msitu wenye afya, mbegu hizo hufika zenyewe kwa maelfu. Zikifika na zisiote, kuna kitu kimeharibika, na aghalabu kitu hicho ni mwendo wa maji.

Makosa yamekwisha kufanyika kwa gharama kubwa. Nchini Ufilipino miche mingi mno ilipandwa kwa miaka mingi kwenye matope ya chini ambayo hufunikwa na maji karibu muda wote, mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota kwa asili, na sehemu kubwa ya miche hiyo ilikufa. Aina iliyopendelewa ilikuwa ya jamii ya mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu zake ni ndefu, ni rahisi kuokota na ni rahisi kuchomeka. Lakini msitu wa mikoko una mpangilio. Katika pwani yetu mlilana husimama mbele kabisa ukitazama bahari, mkoko na msinzi hufuata kwenye kingo za vijito, mkandaa hushika sehemu ya kati na ya juu, na mchu huweza kuonekana mbele na pia nyuma kabisa kwenye ardhi yenye chumvi kali. Kuchomeka mkoko mahali pa mlilana ni sawa na kupanda mpunga juu ya kichuguu.

Katika delta ya Rufiji mikoko mingi imefyekwa ili kulima mpunga, na baada ya miaka michache wakulima huyaacha mashamba hayo kwa sababu ya chumvi, magugu na kaa wanaokata miche. Katika shamba la namna hiyo, tuta lililozuia maji ya bahari likibomolewa mahali panapofaa na kijito kikafunguliwa, maji yatajaa na kupwa kama zamani, mbegu zitaingia, na msitu utarudi kwa aina zake zote. Jembe na koleo zitafanya kazi kubwa kuliko kitalu. Kupanda kuna nafasi yake pale ambapo miti mama imekwisha yote na mbegu haziwezi kufika.

Ningependa pia mfikirie msitu uliopo kabla ya ule mnaotaka kuuanzisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na hekta milioni 18.8 za mikoko mwaka 1980, na kufikia mwaka 2005 zilibaki milioni 15.2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba hekta moja ya mikoko katika ukanda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki hubeba wastani wa tani 1,023 za kaboni, sehemu kubwa ikiwa udongoni, na udongo huo umejikusanya kwa karne nyingi. Ukikatwa msitu mkongwe leo, miche yenu 10,000 haitafidia hasara hiyo katika maisha yenu.

Kama fedha zitapatikana, tazameni walichofanya majirani zetu wa Gazi, Kwale, nchini Kenya. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unahusu hekta 117 tu, na nguvu yake kubwa ni kuulinda msitu uliopo. Mapato ya mauzo ya kaboni, yaani malipo wanayopata kwa kuiacha kaboni ibaki msituni, yamekwenda kwenye maji ya bomba na shule za vijiji husika. Wanavijiji wanauona msitu kuwa wao. Kwa upande wetu, mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, hivyo ombeni kibali kwao na mzungumze na serikali ya kijiji kabla ya kukanyaga tope.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa samaki, soko la Majengo hapa Dodoma. Je, ni kweli kwamba kambamiti ninaouza wanatoka kwenye mikoko?

JIBU: Ni kweli, mama. Kambamiti hutaga baharini, watoto wao wakiwa wadogo sana husukumwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, hukulia humo wakijificha katikati ya mizizi na kula mabaki ya majani yaliyooza, kisha hurudi baharini wakikaribia ukubwa. Maji ya mbele ya delta ya Rufiji ndiyo yenye mavuno makuu ya kambamiti nchini. Kaa koko hukaa humo humo. Kwa hiyo msitu ukipungua, mtaji wako unaguswa.

SWALI: Ninafundisha jiografia katika sekondari moja mjini Dodoma. Wanafunzi wangu wanakariri majina ya mizizi ya mikoko bila kuiona. Kuna njia isiyo ya gharama kubwa ya kuwapeleka?

JIBU: Mwalimu, tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari hii imekuwa nyepesi. Mikoko ipo Dar es Salaam kwenyewe, mdomoni mwa Mto Msimbazi karibu na Daraja la Selander na pia Kunduchi. Mkiweza kufika Bagamoyo, mtaiona karibu na magofu ya Kaole, na hapo somo la historia litapata nafasi yake, kwa kuwa boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi.

Angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na mizizi yote huonekana; siku za maji mafu mtaona kidogo. Ingieni maji yanapoanza kupwa, mkitokea upande wa nchi kavu kuelekea baharini, ili wanafunzi waone aina za miti zinavyobadilika kadiri tope linavyozidi kuwa laini, na waonje chumvi iliyoganda kwenye jani la mchu. Viatu viwe vya kufunga, mwenyeji mmoja mvuvi awaongoze, na mtoke vijitoni kabla maji hayajaanza kujaa, kwa sababu yakianza huja upesi na huzunguka kutoka nyuma.