Robin ni nani kwa Batman: kibaraka, msaidizi ama kijana wake?

SWALI: Mwalimu habari yako. Huku Umoja tuko na grupu ya WhatsApp ya watu wa sirizi na mimi ndiye naandikanga muhtasari wa episodi kwa Kiswahili. Juzi niliandika "Batman aliingia na kibaraka wake Robin, na kama kawaida Robin akatekwa." Dadangu mkubwa akanirukia ati kibaraka ni tusi, niandike msaidizi. Wengine kwa grupu wanasema saidikiki. Neno sahihi ni gani? Na pia, ni makosa kuandika "Robin anatekwanga"?

JIBU: Kwa hilo la kibaraka dadako amekushinda, mpe haki yake. Kibaraka ni mtu anayetumiwa na mkubwa kuwaumiza watu wa kwao, ndiyo maana tunasikia vibaraka wa wakoloni, serikali kibaraka na kadhalika, ni neno la kurushiana kwenye siasa. Sasa Robin ameuza nani? Yule wa kwanza kabisa, Dick Grayson, aliyeingia kwenye vitabu vya katuni vya Batman mwaka 1940, ni mtoto wa wanasarakasi waliouawa, tajiri Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman mwenyewe, akamchukua akamlea na kijana mwenyewe akataka kupigana na wahalifu. Hapo hakuna ukibaraka.

Lakini msaidizi nalo pia, mi naona halitoshi. Si kosa, mtu akiliandika simkati, ila limepoa sana, linanukia ofisi, halafu kuna shida nyingine ambayo dadako kama alisoma fasihi sekondari ataikumbuka, kwamba "mhusika msaidizi" tayari ni istilahi na inabeba kila mtu anayemsaidia mhusika mkuu kusukuma hadithi mbele. Alfred anayepika chai pale kwa Bruce Wayne ni mhusika msaidizi. Kamishna Gordon wa polisi pia. Ukisema Robin ni msaidizi umemweka kwenye foleni moja na hao wazee, na wewe ulitaka neno la yule anayevaa kinyago na kuruka dirishani pamoja na shujaa.

Saidikiki, yaani "sidekick" ya Kiingereza, mniache nicheke kwanza. Watu wanalipenda manake masikio ya Mswahili yanasikia "saidia" mle ndani, na ni sadfa tu, hakuna undugu. Na kiki kwa Nairobi ya leo ni zile drama za kutafuta umaarufu, kwa hivyo saidikiki ni kama mtu wa kumsaidia mwingine kutafuta kiki, na ukiangalia vile shujaa hupigwa picha na gazeti la mji kesho yake huku kijana amekatwa kwa picha, aaah, pengine grupu yenu imegundua kitu bila kujua.

Sasa jibu lenyewe. Hakuna neno moja na usilitafute. Mashujaa wetu wa zamani hawakuwa na mtu wa hivyo pembeni, Fumo Liyongo alitembea peke yake na aliyekuja karibu naye zaidi, mwanawe mwenyewe, ndiye aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni. Kwa hivyo tunachagua kulingana na vile hadithi yenyewe inamtendea huyo mtu, na hadithi hazimtendei sawa.

Chukua ile sirizi ya Batman ya 1966 hadi 1968, ya Adam West na Burt Ward. Mwanzoni ilikuwa inaonyeshwa usiku mbili mfululizo kwa wiki, Jumatano wanaingia mtegoni na hadithi inakatwa hapo hapo, Alhamisi wanachomoka. Kazi ya Robin mle ni kushangaa kwa sauti, zile "Holy" hivi na "Holy" vile, ili Batman apate mtu wa kumfafanulia kitendawili na sisi tulioko kwa kochi tuelewe. Huyo mwite kijana wake. "Batman na kijana wake." Kiswahili kimelipa neno kijana kazi mbili, umri na utumishi, tunasema kijana wa mzee hata kama huyo kijana ana miaka 45 na kitambi, na Robin wa 1966 yuko pale katikati kabisa.

Ukija kwa The Green Hornet, ya 1966 pia, kuna Kato ambaye kwa karatasi ni dereva na mtumishi wa tajiri, lakini aliyemwigiza ni Bruce Lee, na wewe jaribu kumfanya Bruce Lee awe wa pembeni. Hong Kong watu waliiita sirizi ya Kato. Nairobi tungemwita staringi na tungemaliza hapo, manake kwetu staringi si yule ambaye jina lake limeandikwa juu, ni yule anayepiga, na DJ Afro, yule wa kusimulia sinema kwa Kiswahili, angemtangaza hivyo hivyo bila kuuliza waandishi walitaka nini.

Kuna wa aina ya tatu ambao kwa mjengo tungesema mtu wa mkono, yule wa kuchanganya simiti na kubeba mawe fundi akipanga. Neno tamu sana hili na naona haya kwamba waandishi wetu wanaliogopa. Shida ni kwamba sirizi nyingi zimelipindua. Kwa The Flash ya 2014, Cisco Ramon ndiye aliyetengeneza suti na kila kidude, Barry Allen, ndiye Flash mwenyewe, anakimbia. Fundi ni nani hapo?

Mwandani liweke kwa wale ambao hadithi inawapa roho yao wenyewe, wanaojua siri za shujaa na wanaweza kumwambia hapana usoni. Mpambe usitumie kabisa, mpambe amesimama hapo kupendezesha shughuli na watu hawakusema bure wapambe nuksi. Na chawa muwaachie wasanii wa Bongo.

Lakini mimi ningekuwa mhariri wako nisingeanza na kibaraka, ningeanza na hiyo "na" yako. Angalia: "Batman aliingia na Robin." Kitenzi ni umoja, a-, aliyeingia ni Batman, Robin amebebwa kama mwavuli. Sasa andika "Batman na Robin waliingia." Wa-. Wote wawili wana miguu. Hujaongeza hata neno moja na umembadilishia mtu cheo. Halafu hesabu vitenzi vyake kwenye muhtasari wako, anatekwa, anafungwa, anaambiwa, anaokolewa, kila kitu kina -w- ya kutendwa, yeye hatendi. Ukiona vitenzi viko hivyo basi hata umwite mwandani ama sahibu, msomaji ameshajua ni wa kutekwa. Pengine si kosa lako, pengine ndivyo episodi ilivyo, lakini angalia kwanza.

Na hawa watu hupanda vyeo, kwa hivyo usikwame na neno moja misimu yote. Kwa Teen Titans ya katuni iliyoanza 2003, Robin ndiye kiongozi wa kikosi cha watano na Batman hayuko pale kumpa amri, huwezi kuandika "kijana wake" tena, wa nani? Kwa Titans ya 2018 Dick Grayson anaacha jina la Robin mwishowe anakuwa Nightwing, na aliyerithi lile vazi, Jason Todd, anauawa na Joker. Huyo Jason ndiye yule ambaye 1988 wasomaji wa katuni Marekani waliambiwa wapige simu waamue afe ama aishi, kura 5,343 zikasema afe, 5,271 zikasema aishi. Tofauti ya kura 72! Hakuna aliyewahi kupigiwa simu kuulizwa kama Batman afe, staringi hakufangi.

Na sasa hiyo -anga. "Anatekwanga" ni Kiswahili cha Nairobi halali kabisa, kimeingia kutoka kwa lugha zetu za Kibantu na kinasema kitu ni mazoea. Sanifu ni "Robin hutekwa." Kwa WhatsApp andika anatekwanga bila wasiwasi, kwa insha ya mtihani mwalimu atakupiga kalamu nyekundu. Ila usichanganye ukaandika "hutekwanga," hapo umevaa mikanda miwili.

Muhtasari wako basi: "Batman na Robin waliingia, na kama kawaida kijana akatekwa." Mwonyeshe dadako. Akisema bado anataka msaidizi, muulize Alfred atamwita nani.