Msomaji Anauliza: Kukodi Mwongozaji Wako Mwenyewe katika Magofu ya Pompeii

Ndugu Mhariri,

Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika muda wote huo nilisimulia habari za Dola ya Kirumi bila kuona hata tofali lake moja. Mwezi Septemba nitakaa wiki tatu kwa binti yangu anayeishi Roma, naye ameahidi kunipeleka Pompeii. Yeye anataka tukodi mwongozaji wa kwetu peke yetu. Mimi naona hiyo ni gharama isiyo ya lazima, kwa kuwa kitabu ninacho na macho ninayo. Isitoshe, majumba ya matajiri hayanivutii sana. Ningependa kuona jinsi watumwa na watu wa kawaida walivyoishi. Magoti yangu nayo hayapatani na ngazi. Je, nimsikilize binti yangu?

*Mwalimu mstaafu, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na hongera kwa kustaafu salama. Msikilize binti yako, na nitaonyesha kwamba hoja uliyoitoa kumpinga ndiyo inayompa ushindi.

Pompeii ni mji mzima wa Kirumi, karibu na Napoli kusini mwa Italia, wenye eneo la hekta zipatazo 66. Kazi ya kuufukua ilianza mwaka 1748, na hadi leo ni theluthi mbili tu zilizo wazi, huku theluthi iliyobaki ikiwa bado chini ya majivu na changarawe ambazo mlima wa volkano Vesuvio uliumwagia mwaka 79 BK. Mtaa unafanana na mtaa, ukuta unafanana na ukuta, na vibao vya maelezo ni vichache. Katika karne ya 19 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli aliugawa mji katika mikoa tisa, kila mkoa katika vitalu, na kila mlango akaupa namba. Namba hizo ndizo anwani zinazotumika mpaka sasa. Mpango ni mzuri, lakini mgeni aliyeshika ramani juani anaweza kupoteza saa nzima akitafuta mlango ambao amekwisha kuupita mara mbili. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Kitabu chako kitakueleza yaliyomo mjini, ila hakitakuonyesha kwamba umeyapa mgongo.

Ama kuhusu watumwa na watu wa kawaida, hapo ndipo mwongozaji wa peke yenu anapostahili fedha yake. Makundi makubwa hupitishwa njia moja: uwanja mkuu, mabafu, danguro, nyumba kubwa iitwayo Nyumba ya Fauno, kisha mlango wa kutokea. Mtu uliyemkodi mwenyewe unaweza kumwandikia wiki moja kabla na kumwambia unachokitaka, naye akapanga njia kwa kufuata haja yako. Mimi ningemwomba anipeleke kwanza kwenye tanuri za mikate. Utakuta mawe ya kusagia yaliyochongwa kwa mwamba wa volkano, yenye kimo kinachokaribia cha mtu, yaliyokuwa yakizungushwa na punda au na watu, na kando yake tanuri ambayo mwokaji yeyote wa leo angeitambua bila kuelezwa. Katika tanuri moja ilipatikana mikate 81 iliyogeuka makaa, ikiwa bado na mistari ya kuigawa vipande. Mwaka 2023 wafukuaji wa mkoa wa tisa walitangaza kupata tanuri nyingine ambamo chumba cha kusagia kilikuwa na madirisha madogo yenye nondo za chuma, bila njia ya kutokea nje isipokuwa kupitia ndani ya nyumba ya mwenye mali. Watumwa na punda walifungiwa humo pamoja. Muulize mwongozaji kama sehemu hiyo itakuwa wazi siku yenu, maana nyumba nyingi hufunguliwa kwa zamu.

Baada ya hapo akupeleke katika barabara ndefu iitwayo Via dell'Abbondanza. Iko hapo karakana ya kufulia nguo inayojulikana kwa jina la Stephanus. Wafuaji wa Kirumi walitumia mkojo kung'arisha vitambaa, na waliozikanyaga nguo katika mabirika kwa miguu yao hawakuwa matajiri. Vipo pia vibanda vya chakula, vyenye kaunta za matofali ambamo mitungi ilizamishwa hadi shingoni, na ambavyo msomaji wa kwetu atavielewa haraka kwa kumkumbuka mama ntilie. Kimoja, katika mkoa wa tano, kilifukuliwa chote mwaka 2020 kikiwa na picha za jogoo na mabata kwenye kaunta, na ndani ya mitungi yakapatikana mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Tazama pia kingo za visima vya barabarani, zilivyolika mahali ambapo watu waliegemeza mkono kila siku wakikinga maji. Jambo hilo halimo katika vitabu vingi vya shule, na hulioni mpaka mtu akuelekeze kidole.

Kuta nazo zinasema. Yamehesabiwa matangazo ya uchaguzi zaidi ya elfu mbili yaliyopakwa rangi kwenye kuta za mji huu, mengine yakitaja waokaji au wauza matunda kwamba wanamuunga mkono mgombea fulani. Yameandikwa kwa Kilatini cha vifupisho ambacho hata aliyesoma Kilatini hukwama. Mwongozaji mzuri atakusomea herufi kwa herufi, nawe utacheka, kwa sababu lugha ya kampeni haijabadilika sana.

Niongeze jambo moja kwa mwalimu wa historia wa pwani yetu. Mwaka 1938 ilipatikana Pompeii sanamu ndogo ya mwanamke, iliyochongwa India kwa pembe ya ndovu. Ilifika huko kwa biashara ya Bahari ya Hindi, biashara ileile inayoelezwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, andiko la Kigiriki la karne hiyohiyo ya kwanza linaloitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu ya kale, ambalo bila shaka umelifundisha mara nyingi. Sanamu hiyo haiko kwenye magofu. Iko katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Napoli, pamoja na ile mozaiki (picha ya vijiwe vya rangi) mashuhuri ya Aleksanda Mkuu iliyotolewa katika Nyumba ya Fauno. Kwa hiyo tengeni nusu siku ya makumbusho, isiwe Jumanne, kwa kuwa siku hiyo hufungwa.

Sasa magoti. Lango la Porta Marina, ambalo ndilo lililo karibu na kituo cha treni, lina mpando mkali wa mawe yaliyosuguliwa na nyayo hadi yakateleza. Ingieni kwa lango la Piazza Anfiteatro, ambako ardhi ni tambarare zaidi na ndiko inakoanzia njia ya zaidi ya kilomita 3 iliyotengenezwa kwa ajili ya viti vya magurudumu na watu wenye shida ya kutembea. Mwongozaji aelezwe habari hiyo mapema, wala msimkodi kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Baada ya hapo agana naye, kaa kivulini, kisha rudi taratibu mahali palipokugusa. Na kama magoti yatagoma kabisa, Herculaneum, mji mwingine wa karibu uliofukiwa na mlima huohuo, ni ndogo zaidi, na huko zimesalia ghorofa za juu na mbao zilizoungua ambazo Pompeii karibu hazipo.

Mhariri mpendwa,

Ninafanya kazi Doha, na nitapitia Italia mwezi Mei nikiwa na rafiki zangu watatu. Kwenye mtandao nimeona watu wengi wanaojiita waongozaji wa Pompeii, na bei zao zinapishana mno. Nitamtambuaje wa kweli?

*Kijana wa Pemba, Doha*

Jibu: Kijana wangu, nchini Italia kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Mwongozaji hufanya mtihani na kupewa kitambulisho chenye picha yake, na sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2023 iliweka orodha moja ya taifa badala ya utaratibu wa kila mkoa kivyake. Ombeni jina lake kamili na namba ya leseni kabla ya kulipa. Aliye halali hutaja bila kusita. Anayeanza kueleza kwamba yeye ni «msimamizi wa msafara» tu, mwacheni aende.

Jihadharini zaidi na wale wanaosimama nje ya kituo cha treni. Safari yangu ya kwanza nilimfuata bwana mmoja mwenye faili na suti safi, aliyeniahidi ziara ya watu wawili. Alipokwisha kupokea fedha alitukabidhi kwa mwenzake, ambaye naye alituunganisha na kundi la watu ishirini na sita. Nikatembea saa mbili nikiona kisogo cha mtu mrefu na kusikia nusu ya kila sentensi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuuliza neno hata moja.

Leseni hata hivyo haipimi akili ya mtu wala upya wa elimu yake. Ninalo swali ambalo hulituma katika barua ya kwanza: mji ulifukiwa mwezi gani? Anayejibu «tarehe 24 Agosti» na kunyamaza amekariri. Tarehe hiyo imetoka katika nakala za barua ambazo Plinius Mdogo, aliyeushuhudia mlipuko, alimwandikia mwanahistoria Tacitus, na ndiyo iliyozoeleka. Lakini mwaka 2018 yalisomwa maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba, na kwa kuwa mkaa haudumu, wengi waliona kwamba mlima ulilipuka baada ya siku hiyo. Wengine hawakukubali, na mvutano ungalipo. Mwongozaji anayefuatilia mambo atakueleza pande zote mbili.

Swali la pili ni kuhusu zile sanamu za waliokufa. Fiorelli alianza mwaka 1863 kumimina jasi katika matundu yaliyoachwa na miili ndani ya majivu yaliyogandamana, na hivyo yakapatikana maumbo ya watu katika pumzi yao ya mwisho. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu aliyempakata mtoto, wakaambiwa ni mama na mwanawe. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mtu mzima huyo alikuwa mwanamume, tena hakuwa na undugu wa damu na mtoto. Anayeendelea kuuza hadithi ya mama kwa watalii anauza machozi ya bure.

Kuhusu bei, kumbukeni kwamba mwongozaji wa binafsi hutoza kwa kundi, hatozi kwa kichwa. Bei inayomtisha mtu mmoja, ikigawanywa kwa wanne, mara nyingi hukaribia ile ya kundi la barabarani. Ulizeni wazi kama tiketi ya kuingilia imo ndani ya bei, maana kwa kawaida haimo. Tiketi huandikwa jina la mgeni, kwa hiyo kila mmoja abebe pasipoti yake.

Ndugu Mhariri,

Tuna watoto wawili, wa miaka minane na kumi na mmoja. Mke wangu anahofia kwamba watachoka, na mimi nahofia wataona mambo yasiyowafaa. Tunaweza kumwelekeza mwongozaji?

*Baba wa watoto wawili, Nairobi*

Jibu: Mnaweza, na mnapaswa kufanya hivyo kwa maandishi. Yatajeni mawili waziwazi: danguro, na picha iliyo mlangoni mwa Nyumba ya Vettii, ambayo nisingependa kuieleza katika gazeti linalosomwa sebuleni. Nyumba yenyewe ni nzuri na ilifunguliwa upya mwaka 2023. Mwongozaji anaweza kuwatanguliza watoto kwenye bustani huku ninyi mkitazama.

Waanze na uwanja wa magladieta (wapiganaji waliopigana mbele ya watazamaji), uliojengwa yapata mwaka 70 KK na ambao uliweza kukaliwa na watu wapatao 20,000. Waelezwe kwamba mwaka 59 BK mashabiki wa Pompeii na wa mji jirani wa Nuceria walipigana humo hadi watu wakafa, na Roma ikaupiga marufuku mji kuandaa michezo hiyo kwa miaka kumi. Mtoto anayefuata ligi ya mpira atasikiliza mpaka mwisho. Halafu waruke juu ya mawe makubwa ya kuvukia barabara, ambayo kati yake magurudumu ya mikokoteni yamechimba mifereji, na watafute mbwa wa mozaiki aliyeandikiwa kwa Kilatini onyo la kujihadhari naye. Saa mbili zinatosha. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, lakini nao wakatiwe tiketi zao.

Mhariri,

Je, inawezekana kulala Roma, kwenda Pompeii na kurudi siku hiyohiyo?

*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Inawezekana, mkiamka mapema. Treni ya mwendo kasi kutoka Roma hufika Napoli kwa saa moja na dakika kumi hivi, na treni ndogo ya Circumvesuviana huchukua chini ya saa moja hadi kituo cha Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Hiyo ya pili hujaa na huchelewa, basi msipange kukutana na mwongozaji dakika tano baada ya saa ya kufika. Kuanzia Aprili hadi Oktoba malango hufunguliwa saa tatu asubuhi na mtu wa mwisho huingia saa kumi na moja na nusu jioni. Majira ya baridi mwisho wa kuingia ni saa tisa na nusu alasiri. Tangu Novemba 2024 hawaingii zaidi ya watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo tiketi inunuliwe kabla ya safari. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, na kwa sababu hiyo mimi huikwepa: mwongozaji mliyemlipa atatumia muda wenu akipaza sauti juu ya vichwa vya watu. Mabegi makubwa huzuiwa langoni, kwa hiyo bebeni chupa ya maji na kofia tu.