Kabla hujauza Subaru WRX ya zamani kwa sababu ya mafuta

Wenye Subaru Impreza na Forester za turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, wananiuliza swali lile lile: hii inakunywa mno, niiuze nichukue ya kisasa? Jibu langu ni kwamba ukitaka kuuza, uza, gari ni lako. Ila usisingizie mafuta mpaka umepiga hesabu.

Mimi naendesha Impreza WRX, ile ya turbo ya toleo la GDA, injini ya EJ20 ya lita 2.0, gia tano za mkono. Mdogo wangu ana Forester XT ya toleo la SJ, injini ya FA20 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Tunaishi Dar, foleni zetu ni zile zile. Langu mjini linakwenda karibu kilomita 7 kwa lita, na njia ya Morogoro nikitulia linafika 10 na ushee. Lake mjini ni 8 na kitu, safari ndefu 12. Ukichanganya matumizi yote, mimi nipo kwenye 8, yeye 9.5. Hizi si namba za dashibodi, maana dashibodi ina tabia ya kukufurahisha. Tunajaza tenki mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe, tunarudisha trip, kile kihesabu kilomita za safari, kwenye sifuri, na safari nyingine tunajaza pale pale kisha tunagawanya kilomita kwa lita zilizoingia.

Kwa hiyo tofauti ipo, ila si ile inayosimuliwa vijiweni kwamba ya kisasa inakula nusu. Angalia WRX zilizouzwa Marekani, ambako serikali hupima kila modeli kwa utaratibu mmoja. Ya mwaka 2014 ilikuwa bado na EJ ya lita 2.5, nguvu za farasi 265, na wastani wake ni kama kilomita 8.9 kwa lita. Ya 2015 ikaja na FA20, farasi 268, gia sita za mkono: 10.2. Hapo maendeleo yanaonekana. Lakini ya 2015 hiyo hiyo ukiichukua na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, unarudi 8.9, sawasawa na injini iliyokuwa imestaafishwa. Halafu ya 2022 ikaletwa na injini mpya ya lita 2.4, farasi 271, na ile ya gia za mkono ikashuka hadi kama 9.4. Mpya haikuwa lazima inywe kidogo.

Kinachozipa hizi za kisasa unafuu wao ni kompresheni. EJ ile ya 2014 inabana hewa mara 8.4 tu, kwa sababu turbo ikishaijaza hewa ya moto, ukiibana zaidi itaanza kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe kabla ya wakati. FA20 inabana mara 10.6. Petroli inayopulizwa ndani ya silinda inapogeuka mvuke hupoza hewa, ndiyo maana injini inavumilia kubanwa kiasi hicho, na kadiri inavyobana ndivyo inavyokamua kazi zaidi kwenye tone lile lile. Ongeza gia nyingi zaidi na steringi ya umeme isiyoburuza pampu ya haidroliki muda wote, basi umeshapata karibu unafuu wote.

Unafuu huo unauonja ukiendesha kwa upole. Ukikanyaga, turbo ikajaa, zote mbili zinamwaga petroli ya ziada ili kupoza pistoni na turbo yenyewe. Petroli hiyo haikusukumi mbele, inafanya kazi ya maji ya baridi. Siku tulizokwenda Morogoro tukifukuzana (mama asisome hapa), tofauti yetu sheli ilikuwa ndogo kiasi kwamba hatukuwa na cha kubishania.

Sasa hesabu. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Kwa 8 kwa lita unatumia lita 1,875, kwa 9.5 unatumia kama 1,580. Umeokoa lita 295 hivi. Petroli ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni laki tisa kasoro kidogo kwa mwaka. Kama kuhama kutoka gari la zamani kwenda la kisasa kunakugharimu nyongeza ya milioni 20, mafuta yatakurudishia baada ya miaka zaidi ya 22. Weka bei zako, gawanya mwenyewe. Ukitaka ya kisasa kwa ajili ya breki, mifuko ya hewa na ukimya wa ndani, hizo ni sababu nzuri na huna haja ya kumtafutia mkeo nyingine.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha hilo la zamani linakunywa kwa haki. Magari mengi ninayoletewa kwa malalamiko ya mafuta hayana thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Fundi kaitoa, kasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umewasha. Rudisha thamostati, tena ya kampuni yenyewe. Linalofuata ni oksijeni sensa ya mbele, inayonusa moshi ili kompyuta ijue ipime petroli kiasi gani: inazeeka taratibu bila kuwasha taa, na gari la miaka 20 ambalo halijawahi kubadilishiwa limeshachelewa. Plagi, filta ya hewa na upepo wa matairi unavijua, sitavirudia.

Vijana nao wana lile valvu la kutoa hewa nje, ili ukibadilisha gia lipige "pshaa" watu wageuke. Kwenye EJ20 yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, hewa ile unayoitupa nje ilishapimwa na petroli yake ilishapangwa. Kila "pshaa" ni mchanganyiko mzito unaoingia kwenye silinda. Rudisha valvu la kiwandani linalorudisha hewa ndani, gari linapoteza mluzi tu.

Ukishayafanya hayo, hesabu ikakubali na bado unaitaka FA20, nenda kaikague ikiwa imelala usiku kucha, iwashwe mbele yako. Injini za aina hii haziogeshi valvu za kuingizia hewa kwa petroli, kwa hiyo masizi hujijenga humo, na muungurumo wa kuyumbayumba asubuhi ni dalili mojawapo. Pampu ya presha kubwa na injekta zake ni ghali na hazisamehe petroli chafu, sheli za kubahatisha ziache kabisa. Uliza pia oili ya CVT ilibadilishwa lini. Muuzaji akikwambia ile ni ya maisha, haiguswi, mshukuru na uende ukaangalie lingine.