Usiibane databesi kila Jumapili!

Mkuu, futa hiyo ratiba kwanza, mengine baadaye. Umesema SQL Server, programu inayotunza databesi yenu ya duka la jumla, inachelewesha ripoti, unataka kila Jumapili usiku upige DBCC SHRINKDATABASE, amri ya kubana faili la databesi lipungue, kisha udifragi diski, yaani ukusanye vipande vya mafaili vilivyotawanyika, halafu ukauliza RAID 5 au 10, yaani diski kadhaa ziunganishwe kwa mtindo upi.

Ratiba hiyo hiyo niliuziwa na "mtaalamu" mmoja aliyekuja na tai na laptopu iliyojaa stika. Akalipwa kabla ya sisi kulipwa mshahara. Simu zangu hapokei mpaka leo, labda naye anadifragi.

Sikia kinachotokea. Amri ile ya kubana inazitoa kurasa (vipande ambamo data imeandikwa) zilizo mwisho wa faili na kuzitupia kwenye nafasi yoyote iliyo wazi kule mwanzo, haijali mpangilio. Indeksi (orodha inayosaidia kupata data haraka) iliyonyooka inatoka imevurugika kabisa. Nilipokuja kufungua sys.dm_db_index_physical_stats, panapoonyeshwa hali ya indeksi, avg_fragmentation_in_percent (asilimia ya kuvurugika) ya jedwali la mauzo ilikuwa imepita 95. Nikadhani macho yangu ndiyo mabovu. Nikajenga indeksi upya, na kwa kuwa indeksi mpya huandikwa kabla ya ile ya zamani kuachiwa, faili likavimba likarudi palepale. Jumapili unabana, Jumatatu linavimba: kutwanga maji kwenye kinu, tena kwa umeme wa kulipia.

Ubaya mwingine, kabla ya toleo la SQL Server 2016 faili la data lilikuwa linakua kwa MB 1 kila mara usipobadilisha mwenyewe. Sasa ni MB 64. Likikua kidogokidogo hivyo linatapakaa diski nzima, ndipo wanakuja kukuuzia dawa ya kudifragi ugonjwa waliokuletea wao. Na kama diski ni SSD, hakuna kichwa kinachotembea kutafuta vipande, kwa hiyo unaichakaza bure.

Kadiria databesi itafika wapi kwa miaka miwili, lipe faili ukubwa huo leo, ukuaji uwe kwa MB na si kwa asilimia, kisha USILIGUSE. Umefuta data nyingi ya zamani na nafasi yake haitajaa tena? Bana mara moja, jenga indeksi upya, basi. Diski ya data iformatiwe kwa vipande (allocation unit) vya KB 64, maana NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, yenyewe inakupa KB 4.

RAID 10, kama bosi anatoa hela.

Fungua Properties za databesi, ukurasa wa Options, angalia Auto Shrink, yaani databesi kujibana yenyewe. Ikiwa True, weka False sasa hivi, uje useme hapa.