Mutangazaji, utuachilie tusikie barafu

Tantine yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, alinipigia simu saa tatu ya usiku, siku ile ile nilipita ku tele mara ya kwanza, mi nikafikiri anataka kunipongeza, nikakaa vizuri kabisa ku kiti. Akasema: "Mwanangu, tulikuona, na sauti yako iko nzuri. Lakini njuga hatukuisikia." Njo basi. Akauliza mama anaendelea namna gani, akakata. Ile simu njo inaniongeza leo niongee juu ya batangazaji benye habanyamaze, mpaka ku mchezo wa barafu.

Kwa bale habanijue, mi nilikuwa natangaza mupira ku radio hapa Bukavu, miaka sita, Dawa na Muungano pale Stade de la Concorde, na mwenye alishaingia Concorde siku ya ile derby anajua kama pale hata muuza karanga anakuwaka kocha. Ku radio ukinyamaza sekonde tano bantu banaanza kupiga radio yao makofi, banafikiri betri imeisha. Kinywa yako njo macho yao. Unasema mupira iko wapi, nani ameshika, nani ameanguka, muamuzi alikuwa anaangalia wapi, mvua inatokea upande gani, yote. Sasa kukatokea konkuru ya bale, kucheza na ngoma, ya vijana mu sale moja ya paruasi, tele moja ya hapa ikatafuta mutu wa kutangaza direkti, bakasema tuchukue ule wa mupira, anajua kuongea. Kweli kuongea nilijua.

Kukaingia kikundi ya basichana kumi, njuga ku miguu, bapiga ngoma nyuma. Katikati ya mchezo bapiga ngoma bote bakainua mikono juu, ngoma ikanyamaza, basichana bakaendelea na miguu peke yake, njuga tu, shaka shaka shaka, karibu nusu dakika. Pale njo ilikuwa moyo ya ile mchezo yote, nilisikia nyuma kama balifanya mazoezi ya ile nusu dakika miezi mingi kuliko ile ingine yote. Na mi huku niko nasema nini? Niko nataja benye balitoa fanta na biskwi. Niko nasema rangi ya bitenge. Niko nasema "munaona vile banapiga miguu!" Ee ndugu, kama banaona, unabaambia ya nini?

Njo maana leo nataka kuongea juu ya patinaji, ule mchezo wa kucheza na kuruka juu ya barafu na muziki. Najua utacheka, Bukavu na barafu wapi na wapi, siye barafu yetu ni ile ya sashe na mvua ya mawe. Lakini mutoto wa yaya yangu, dada yangu mukubwa, iko na miaka kumi na sita, ule mchezo umemuingia mu damu, na mwaka 2022 wakati ya michezo ya Olimpiki ya Beijing nilikuwa nalala kwao Nguba. Beijing inatupita masaa sita. Siku ya Yuzuru Hanyu, Mujapani wa patinaji, tarehe 10 mwezi wa pili, mutoto aliamsha nyumba yote saa tisa na kitu ya usiku, juu Hanyu alikuwa anaenda kujaribu Axel ya mizunguko mine, kitu yenye hakuna mutu alikuwa amefanya bado. Axel ni muruko wenye unaanzia ukiangalia mbele, ile ingine yote unaanzia ukienda kinyumanyuma, kwa hiyo Axel inaongezaka nusu muzunguko, ukisema mine ni mine na nusu. Alianguka. Akasimama, akaendelea, akamaliza wa ine. (Mumarekani mmoja, Ilia Malinin, njo alikuja kuifanya safi mwezi wa tisa ule mwaka.)

Sasa angalia shida. Muruko kama ule, mutu iko hewani karibu sehemu saba za kumi ya sekonde moja. Haifike sekonde! Jaribu kusema "sasa anaruka Axel ya mizunguko mine," ukifika ku neno "mizunguko" mutu ameshashuka, ama ameshaanguka. Kwa hiyo mutangazaji hawezi kukuonyesha ule muruko na maneno, macho yako yatamushinda kila siku. Mupira ni ingine, mutu anakokota mupira sekonde kumi upande wa kushoto, uko na nafasi ya kusema jina yake na ya mama yake. Ku barafu hakuna ile nafasi. Lakini bale batangazaji benye tulikuwa nabo ule usiku baliongea tangu nota ya kwanza mpaka ya mwisho, mutoto akakamata rimoti akaua sauti yote. Papa yake akakasirika, "sasa mimi nitaelewa namna gani?" Pale bita ikaanza, saa tisa ya usiku, na grupe ya umeme ya jirani inanguruma, na mi katikati yao naona njuga zangu zimerudi kunitafuta.

Mutoto alikuwa na haki. Ule mchezo haukuwa wa macho tu. Barafu iko na sauti yake. Mutu akishuka vizuri unasikia kitu kama kisu inakata kitambaa, shwiii, nyepesi, akishuka vibaya unasikia inakwaruza, unajua mbele ya kuona. Na muziki si ya kupamba, juri banapima vile mutu anaisikia muziki, iko mu alama. Halafu tangu musimu wa 2014-2015 bachezaji ba peke yao na ba wawili wawili baliruhusiwa kutumia nyimbo zenye mutu anaimba maneno, zamani ilikuwa ya dansi ya ku barafu tu. Sasa mwimbaji anaimba, mutangazaji anaongea juu yake. Nani anakubalia mutu aongee wakati kwaya inaimba mu misa?

Lakini papa yake naye alikuwa na haki, na hapa njo siko pamoja na bale benye banasema mutangazaji aende nyumbani kabisa. Shemeji aliuliza swali moja ya maana kuliko yote ya ule usiku: "Namna gani mutu anaanguka halafu iko mbele ya mwenye hakuanguka?" Hakuna mwenye alimujibu ku tele. Ni hesabu tu. Chukua Lutz, ni muruko ingine: ya mizunguko mine, mu alama za ile mwaka, ilikuwa inaanzia point 11.50. Lutz ya mizunguko tatu inaanzia 5.90. Ukianguka ku ile ya mine, lakini umezunguka yote, banakata nusu, unabaki na 5.75, halafu banaondoa point moja ya kuanguka, unabaki 4.75. Mwenzako mwenye aliruka ile ya tatu bila kuanguka, ya kawaida tu, iko na 5.90. Tofauti haifike hata point mbili! Mutu anaanguka mbele ya dunia yote, tunashika vichwa, na kumbe hajapoteza hata kitu mingi, akiruka ile ingine vizuri amekupita. Ile maelezo inachukua nusu dakika, na nafasi yake iko, juu mchezo ukiisha mutu anaenda kukaa ku kiti na kocha yake kungojea alama, pale banakaaka, banakunywa maji, banapungia mama zao mukono. Pale njo uongee. Pale ongea mpaka uchoke.

Na mbele ya kuanza pia. Mufano yenye napenda ni Torvill na Dean, Baingereza ba dansi ya ku barafu, Olimpiki ya Sarajevo, tarehe 14 mwezi wa pili 1984, na muziki Bolero ya Ravel. Mutoto alinionyesha videyo, nikaona banaanza na magoti chini ku barafu, banayumba tu kama majani ya ndizi, nikafikiri ni mapambo ya mapenzi. Kumbe! Sheria ilisema dakika 4 na sekonde 10, na muziki yao hata walivyoikata ilibaki dakika 4 na sekonde 28. Lakini saa ya juri inaanza wakati chuma ya kiatu inagusa barafu kuanza kuteleza. Bakapiga magoti sekonde 18. Balipata 6.0, alama ya juu kabisa ya ile wakati, kwa juri bote tisa ku upande wa uzuri wa mchezo. Sasa, ile hadisi ya magoti, ukiniambia mbele nitaangalia zile sekonde 18 na macho ingine kabisa. Ukiniambia wakati banapiga magoti, umeniharibia zile sekonde zenyewe. Neno ni ile ile, ni saa tu ya kuisema njo inabadilika.

Kuna watu banasema lakini Dick Button alikuwa anaongea na bantu balimupenda. Ndiyo. Dick Button alishinda dhahabu ya Olimpiki 1948 na 1952, ni ye alifanya Axel ya mizunguko miwili wa kwanza mu mashindano na muruko wa mizunguko tatu wa kwanza, halafu akatangaza ku tele ya Marekani miaka mingi sana, na kinywa haikuwa na breki, mutu akifanya vibaya anasema vibaya. Kama miguu yako ilifika kule, sawa, nitakuvumilia. Mi na wewe miguu yetu ilifika Kadutu.

Na kunyamaza si kukosa la kusema. Ule ule mwaka 2022, ku wasichana, kulikuwa Kamila Valieva, Murusi wa miaka 15, bipimo vyake vya mwezi wa kumi na mbili 2021 vilitoka na dawa yenye imekatazwa, korti ya michezo ikamuachilia acheze. Tara Lipinski na Johnny Weir, batangazaji ba tele ya Marekani, bote balichezaka zamani, mu mchezo wake wa kwanza hawakusema karibu kitu. Dunia yote ilielewa. Hakuna hotuba yenye ingesema vile. Lakini ujue, ile kimya ilikuwa na nguvu juu siku ingine banaongea, mutu mwenye ananyamaza kila siku akinyamaza hatuoni tofauti.

Kitu ingine yenye ilinipunguza kiburi kidogo: papa yangu mukubwa. Macho yake yamefunikwa na mutoto wa jicho, tele anasikiliza, haangalie. Siku moja nilikuwa namuelezea kwa furaha hii fikra yangu ya kunyamaza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na siye benye macho imekwisha, tukae nje?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nafikiri dawa yake ni sauti mbili, moja ya uwanja peke yake na ingine ya maelezo kamili kama ya radio, mutu achague, na kwa intaneti kuna wakati unapata kweli matangazo yenye sauti ya uwanja tu, lakini hapa kwetu na mega zenye tunanunua kila siku, utachagua nini, unashukuru hata picha ikitembea.

Kwa hiyo, wewe mwenye banakupatia mikro, na siongei juu ya Olimpiki, naongea juu ya arusi ya binamu yako, konkuru ya kwaya, direkti ya Facebook, nikuambie vile mi nafanyaka. Siku moja mbele naenda ku mazoezi yao, naangalia mara moja bila kuandika kitu, mara ya pili naandika bintu bitatu tu byenye macho ya mugeni hayatabiona. Ngoma itanyamaza pale katikati. Ule wa mwisho ku mustari alivunjika mukono mwaka jana. Ile nguo ilishonwa na mama zao. Basi. Ile nasema mbele. Wakati banaanza naweka bonbon mu kinywa, ile ngumu ya menta, juu mi najijua, bila bonbon nitaongea, na bonbon ikiisha mchezo nao uko karibu kuisha. Kama kuna kitu cha lazima katikati, jina, ama mutu ameumia, nasukuma bonbon ku shavu nasema neno tatu. Usiseme "ajabu!", tumeona. Usiseme "ameanguka!", tumeona pia na inatuuma.

Benye banasimamia konkuru balikuja kuniita tena mwaka uliofuata, sijui kama ni juu ya uzuri ama hawakupata mwingine. Wale basichana balirudi, safari hii kumi na mbili. Nikasema maneno yangu mbele, nikaweka bonbon, ngoma ikanyamaza, njuga zikabaki peke yake mu ile sale, nikasikia hata mutoto mmoja nyuma anakohoa.

Saa tatu ya usiku simu ikalia, tantine. Alikuwa na wasiwasi mingi. Akaniuliza kama mikro yangu iliharibika.